Kidole cha Saba

Sikufika kumi. Niliishia kwenye kidole cha saba, na kidole hicho nusura kininyime mume.

Lakini ngoja niende kwa mpangilio, maana nikianza kusimulia kinyumenyume hata Nesi huniacha njiani, na Nesi ana uvumilivu wa kumfumia pweza sweta.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, sebuleni kwa mama, ghorofa ya tatu. Mapazia yalikuwa yamevutwa nusu. Meza ya kioo ilikuwa imefutwa mpaka unajiona pua. Vikombe vya wageni, vile vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu, vilikuwa vimepangwa kwenye sinia. Vikombe vile havitoki kabatini kwa furaha. Mama akitaka kukubali jambo hulikubali jikoni, amesimama, mwiko mkononi. Akitaka kukataa, anatoa vikombe vya dhahabu.

Nyuma ya mlango kulikuwa na begi. Begi langu. Mama alilifunga asubuhi nikiwa naoga, na alitia kila nguo yangu isipokuwa moja: sare yangu ya kazini, ya bluu, yenye mfuko kifuani. Hiyo niliikuta kwenye ndoo ya matambara, imekunjwa ovyo. Mimi nafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka wa tisa sasa. Nakunja mashuka mia mbili kabla ya chai ya saa nne, kona kwa kona. Nikiona nguo imekunjwa ovyo na mama yangu, mwanamke anayekunja hata mifuko ya plastiki, najua si haraka ile. Ni hasira.

Mpango ulikuwa wa kaka. Kesho yake, Jumatatu, basi la saa moja asubuhi, nipelekwe kwa mama mkubwa, mji wa mbali ambako simjui mtu. Huko hakuna kazi, hakuna kikundi changu, na hakuna Subiri, mchumba wangu. Tiketi alikuwa nayo kwenye faili lake. Kaka ni karani wa posta, hatembei bila faili.

"Utapumzika, Kadogo," aliniambia.

Nimemwambia nani nimechoka?

Mimi nina miaka thelathini na moja. Nyumbani naitwa Kadogo. Kikundini naitwa Mwenyekiti. Ni mtu yuleyule, ila mmoja anaulizwa na mwingine anaamuliwa.

Kikundi chetu kinaitwa Tujisemee. Tuko kumi na wanne, tunakutana kila Jumatano jioni kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, watu ambao shule ilitupita mbio tukabaki tunameza vumbi lake. Barua za ofisini hutuita watu wenye ulemavu wa akili. Mtaani wana majina yao mengine, siyarudii, ingawa mengine yametungwa kwa ufundi kweli. Sheria za kikundi nilizichora mwenyewe ukutani kwa sababu nusu yetu hatusomi. Mdomo uliozibwa na mkono wa mtu mwingine, umepigwa alama ya mkasi: hakuna kumsemea mtu aliyepo. Kadi tatu, nilizozikata kwenye maboksi ya sabuni ya kazini: kijani ni endelea, njano ni sijaelewa, nyekundu ni simama, umenivuka. Halafu viganja viwili. Ukishamwuliza mtu swali, unahesabu vidole kumi kimyakimya, ndipo wewe au mwingine yeyote afungue mdomo.

Hiyo ya viganja aliileta Subiri. Siku yake ya kwanza, miaka miwili nyuma, nilimwuliza jina. Kimya. Mwenzetu mmoja akadakia, "Huyu hasemi." Yeye akainua mkono. "Subiri." Tukasubiri mpaka taa ya ukumbini ikawaka na kuzimika mara mbili. Kisha akatuambia jina lake, jina la mtaa wake, na kwamba mwenyekiti ana chaki puani. Jina lake tulilisahau hapohapo. Lililobaki ni Subiri.

Ni fundi baiskeli kwenye karakana ya mjomba wake. Huinua gurudumu, akalizungusha, akafumba macho, akalisikiliza. Waya mmoja ukilegea, anausikia. Jumatano moja nilipita mbele yake nikielekea ubaoni, akafumba macho vilevile. "Mguu wa kushoto," akasema. "Unakuuma." Kweli ulikuwa unauma, na nilikuwa nimemficha hata mama. Wako wanaume waliowahi kuniambia nina macho mazuri. Hakuna aliyewahi kusikia mguu wangu.

Basi. Rudi sebuleni.

Subiri aliingia. Shati nilimpigia pasi mimi mwenyewe, kola imesimama wima. Mikono alikuwa ameisugua mpaka imekuwa myekundu, ila weusi wa grisi haukutoka kwenye kucha. Alinitazama mara moja tu, haraka, kama mtu anayehakikisha amefunga mlango, kisha akamgeukia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu, akimtazama Nesi. "Ataketi wapi huyu?"

Nesi ni muuguzi mstaafu, msaidizi wa kikundi chetu. Kazi yake ni kukaa nyuma ya kiti cha mwanakikundi na kunyamaza mpaka aulizwe. Ni kazi ngumu, ndiyo sababu anafuma. Hakuinua macho kwenye uzi.

"Yuko mbele yako, mwenzangu. Mwulize."

Mama hakumwuliza. Subiri akajitafutia kiti.

"Wazee wako hawakuweza kuja?" kaka alianza, faili magotini. "Mwanaume mzima unakuja kuomba mke peke yako, na sweta?" Alimwonyesha Nesi kwa kidevu.

Niliingilia kabla mambo hayajaharibika. Nilipanga kadi mezani, seti moja kwa kila mtu, nikaeleza: kijani, njano, nyekundu. Nikaeleza vidole kumi.

"Kadogo," kaka alisema, "hii ni sebule, siyo uwanja wa mpira. Nani ataonyeshwa nyekundu hapa? Mama?"

"Yeyote atakayekosea."

"Mama yangu hajawahi kutolewa nje nyumbani kwake."

Hata mimi nilicheka. Ni kaka yangu, na ana mdomo kama wangu. Mama peke yake ndiye hakucheka. Alizisogeza kadi zake pembeni kwa ncha ya kidole, kama makombo.

Kaka akafungua faili. "Haya, bwana. Unafanya kazi wapi, unaishi na nani, unajua kusoma, na ukiugua nani anakuuguza?"

Subiri aliinua nyekundu.

"Maswali manne, shemeji," alisema. "Nitajibu la kwanza."

"Shemeji nani? Nani kakuambia mimi shemeji yako?"

Nilihesabu vidole vyangu. Kwenye tisa, Subiri alisema, "Natengeneza baiskeli. Za posta zote natengeneza mimi. Ile ya kikapu, namba sita. Breki ya nyuma. Anayeipanda anaburuta mguu badala ya kufunga breki. Soli yake imelika upande."

Kaka alivuta viatu vyake chini ya kiti. Nesi alikohoa ndani ya uzi. Nikajua tunaweza kushinda. Nilimtupia Subiri jicho, naye akalidaka na kulirudisha, na kwa nukta ile sebule nzima ikawa haina mtu mwingine.

Ndipo kaka akafunga faili. Akikasirika kaka hufungua faili. Akilifunga, anaumia.

"Sawa," alisema polepole, na sasa alikuwa hachezi. "Swali moja basi. Mtoto. Mkioana atazaliwa mtoto. Ataugua homa, mtapewa karatasi ya dawa, nani ataisoma? Ataanza shule, atarudi na daftari, nani atalifungua? Sikuulizi kwa ubaya. Nakuuliza wewe, bwana, ujibu wewe. Mnataka mtoto, au hamtaki?"

Kikombe cha mama kiligonga kisahani chake. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda, wote tulijua. Mama angeweza kuvumilia mkwe mzito wa kusema. Mjukuu ndiye aliyekuwa hamwachi apate usingizi.

Moja. Subiri alitazama mikono yake.

Mbili. Tatu.

Nne. Kaka alitazama saa.

Tano. Mama alianza kutikisa kichwa, kidogokidogo, kwa huruma, na huruma ya mama ndiyo inayonitisha kuliko kelele zake.

Sita. Kaka alichomoa tiketi kwenye faili akaiweka juu ya kioo, uso juu.

Saba.

"Hatutaki!" nikasema. "Hatutaki mtoto. Tumeshaongea, tumekubaliana. Hataki. Sivyo, Subiri? Hataki."

Ulikuwa uongo, na si wa bahati mbaya. Kwenye kona ya karakana ya mjomba wake kuna baiskeli ndogo, ya kimo cha goti langu. Amekuwa akiiunda kwa vyuma vilivyobaki tangu mwaka jana. Jumatano iliyopita nilimwuliza ni ya mteja gani. Nilihesabu vidole kumi, nikarudia tena kumi, mpaka nikadhani hakunisikia. "Ya baadaye," akaniambia.

Sasa alinyanyua kadi. Nyekundu. Hakuielekeza kwa kaka. Aliielekeza kwangu.

Sijawahi kuonyeshwa nyekundu. Mimi ndiye ninayezikata.

"Mnaona?" kaka alisema, na hakukuwa na ushindi kwenye sauti yake, uchovu tu. "Hata ninyi wawili hamko pamoja."

Subiri aliilaza kadi mezani, akainyoosha iwe sawa na ukingo wa kioo. Akainuka. "Samahani, mama," akasema, akatoka. Mlango ulijifunga taratibu nyuma yake. Kama angeubamiza ningepata la kumjibu.

"Nesi," nikasema. "Nifanye nini?"

Alikuwa ameulizwa, kwa hiyo aliruhusiwa. Alikata uzi kwa meno. "Binti yangu, mwenye jibu la swali hilo ameshuka ngazi."

"Kadogo, kaa chini," mama alisema.

Sikukaa.

Nilimkuta ghorofa ya pili, ameketi kwenye ngazi kando ya baiskeli ya jirani iliyofungwa kwa mnyororo. Alikuwa anazungusha gurudumu la mbele kwa kidole kimoja. Tik, tik, tik. Hakunitazama.

"Ulifika ngapi?" akauliza.

"Saba."

"Mimi nilikuwa na jibu. Lilikuwa limefika hapa." Aligusa koo.

"Na kaka alikuwa amefika kwenye tiketi! Uliiona? Unajua basi ni la kesho? Mimi nikipakiwa kwenye basi, wewe utabaki na jibu lako kooni, utamjibu nani? Gurudumu?"

Tik, tik, tik.

"Sema kitu!"

Nilijisikia ninavyopiga kelele. Nilijisikia ninavyofanana na mwalimu wangu wa darasa la pili, yule aliyekuwa akigonga rula mezani mpaka herufi zote zinanikimbia. Nikaziba mdomo kwa kiganja.

Ndipo akaongea, mengi kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Mama yangu alinisemea mpaka akafa. Mjomba akapokea. Nilipokuwa na miaka ishirini niliumwa tumbo. Daktari akamwuliza mjomba, linauma? Mjomba akasema, halimwumi sana huyu, ni uoga. Nilipasuliwa usiku ule, kidole tumbo kimepasuka." Alilisimamisha gurudumu. "Nilikuja kikundini, mtu mmoja akanisubiri, akaanza kunihesabia mpaka kumi. Nikasema huyu. Huyu nitamwoa hata kama itachukua mwaka kumwambia."

"Ilichukua mwaka na miezi miwili," nikasema.

"Leo ukanifanya kama wao."

Nimepigwa maneno mengi maishani. Mengine nimeyacheka, mengine nimeyarudisha yakiwa yamenolewa. Hilo sikuwa na pa kulirudisha. Nilikaa ngazi moja chini yake, simenti ikinipenyeza baridi kwenye gauni langu zuri.

"Niliogopa," nikasema.

"Na mimi niliogopa. Mtu akiogopa ndiyo anasemewa?"

"Hapana."

"Basi."

"Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliuliza, "Wewe unataka? Mtoto?"

Nilifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Mimi, Mwenyekiti, ambaye Nesi husema ningeweza kubishana na redio! Lakini swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Daktari alimwuliza mama. Mama alilijibu. Kaka alilitilia sahihi. Nilikuwa nimebeba jibu la watu wengine miaka yote nikidhani ni langu.

Hakuhesabu vidole. Alilizungusha tena gurudumu na kuliacha lizunguke hadi litakaposimama lenyewe. Lilikuwa limetiwa mafuta vizuri, jirani yule mshenzi. Lilizunguka na kuzunguka.

"Nataka," nikasema mwishowe. "Ila naogopa nitampoteza. Sokoni, njiani. Mimi nilipotea, unajua. Siku mbili."

"Basi tukaseme hivyo."

"Hivyo hivyo? Na kuogopa kwenyewe?"

"Na kuogopa."

Aliteremka ngazi moja tukawa sawa. Akachukua mikono yangu, akaanza kukunja vidole, kimoja kimoja, bila haraka, hadi saba. Vikabaki vitatu vimesimama. Vidole vyake vilinukia grisi, vyangu sabuni ya hospitali, na sijui ni nani aliyeamua kwamba hizo mbili haziendi pamoja.

"Hivi nakudai," akasema, akavishika vitatu vyote ndani ya kiganja chake. Nilihisi mapigo yake, au yangu. Tulikuwa karibu hivyo. Jirani angetokea wakati ule angefikiri tunaiba baiskeli.

Tulipofungua mlango, kaka alikuwa amesimama katikati ya sebule, begi langu mkono mmoja, tiketi mkono wa pili.

"Nalishusha kwenye gari," alisema. "Asubuhi tusihangaike. Bwana, asante kwa kuja."

"Swali lako," Subiri alisema. "Sijalijibu."

"Limeshajibiwa."

"Si na mimi."

Akaketi palepale alipokuwa ameketi. Nami nikaketi, nikaikalia mikono yangu. Kaka alibaki amesimama na begi. Kimya kikaanza, na nawaambia kweli, nimekaa leba na dada wa kazini akijifungua usiku kucha, lakini usiku ule haukuwa mrefu kama kimya kile. Sikuhesabu. Niliogopa nikihesabu nitaishia saba tena. Nilitazama mshipa kwenye shingo ya Subiri ukipanda na kushuka.

Kaka akavuta pumzi. "Jamani, tuwe wakweli, huyu hawezi…"

"Nyamaza wewe," mama alisema. "Yuko kwenye nane."

Tuligeuka wote. Meza ya kioo haifichi kitu. Chini yake, mapajani mwa mama, vidole vinane vilikuwa vimekunjwa, viwili vimesimama.

Nesi aliacha kufuma.

Tisa. Kumi. Mama alianza upya kutoka cha kwanza, akafika cha nne.

"Nataka mtoto," Subiri alisema. "Naye anataka. Tunaogopa. Karatasi ya dawa siwezi kuisoma. Nitamwuliza anayejua." Alimtazama kaka, moja kwa moja. "Wewe unajua. Nitakuuliza wewe, shemeji. Utakuwepo?"

Safari hii kaka hakusema "shemeji nani". Alikaa kwenye mkono wa kochi, begi likimning'inia.

"Hamwelewi," alisema. Hakuwa anaongea na Subiri tena. "Mnadhani mimi ni mbaya. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilipewa kazi moja tu, nimshike mkono. Nikauachia. Dakika moja, nilikuwa naangalia redio dirishani kwenye duka. Nageuka, hayupo. Siku mbili, mama. Siku mbili unazunguka vituo vya polisi, na marehemu baba ananiuliza, ulimwachia wapi? Ulimwachia wapi?" Alijifuta uso kwa tiketi bila kujua ni tiketi. "Siwezi kumwachia mara ya pili."

Mama alikuwa amefumba macho.

"Kaka," nikasema. "Hukuniachia."

"Kadogo, usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Mimi ndiye niliyeuchomoa mkono. Ulikuwa umenibana vidole, vinauma. Nilisubiri ulegeze, nikauchomoa, nikamfuata mwanamke mmoja aliyekuwa na mwavuli wa maua. Nilitaka kuona maua ya ndani. Ulipolia nyumbani nilidhani unalilia kitu kingine."

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Miaka ishirini na mitatu," alisema. "Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza. Wote walikuwa wanakuuliza wewe."

Kaka aliliweka begi chini polepole, akainama, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakamtikisika. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Nikamshika mkono, kwa ulegevu, ili aone unavyoshikwa.

Mama aliinuka. Tulisikia mlango wa stoo, ndoo ikiburutwa, bomba la jikoni likifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alikuwa na sare yangu ya bluu mikononi. Aliikung'uta mara mbili, akaigeuza, akakunja uso alipoona mikunjo aliyoitia mwenyewe.

"Zamu yako kesho inaanza saa ngapi?" aliniuliza. Mimi. Si kaka, si Nesi.

"Saa kumi na mbili, mama."

"Basi washa pasi. Huwezi kwenda kwa watu hivi."

Akaitupa magotini mwangu, akaketi, akajimiminia chai kwenye kikombe cha dhahabu. Subiri alikuwa ametulia kwenye kiti chake na mikono juu ya magoti, lakini masikio yake, nilikuwa nayajua yale masikio, yalikuwa yanamsikiliza mama kama gurudumu.

Kaka alijifuta macho. Karani ni karani. "Kwa hiyo, mama?" aliuliza kwa sauti ya mafua. "Habari ya ndoa. Ni ndiyo au ni hapana? Watu wanasubiri."

Mama alinywa chai yake funda moja, bila haraka. Kisha akachukua kadi nyekundu mezani kwa ncha za vidole, akaitazama pande zote mbili, na akamwinulia mwanawe wa kiume.

"Bado nahesabu," alisema.

Nilitazama kupitia kioo. Alikuwa kwenye kidole cha tatu.

Nikaenda kuwasha pasi.